Nani anayepaswa kuitafsiri ile nyota?

Ukichapa rm * kwenye Unix, unadhani rm huiona hiyo nyota? Mimi nilimaliza digrii nikidhani hivyo. Kisha siku moja, kwenye folda iliyokuwa na faili inayoitwa -rf, amri hiyo ikanifutia hata folda za ndani, ambazo rm huwa haizigusi.

Haya, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1971, Unix ya Bell Labs ilikuwa na programu ndogo ya pembeni, /etc/glob. Sheli ya Ken Thompson ikikutana na nyota iliiita glob, nayo ikaigeuza nyota kuwa majina ya faili. Mwaka 1979 sheli ya Stephen Bourne ikaifanya kazi hiyo yenyewe. Kwa hivyo rm hupokea orodha iliyo tayari. Haijui kama ulichapa nyota au majina, na jina -rf ikalichukua kuwa agizo.

MS-DOS ya 1981 ilishika njia nyingine. Programu ilipewa mstari mzima, usiozidi herufi 127, ijikatie yenyewe. Faida yake ni kwamba DEL iliiona nyota, ikaweza kukuuliza kama una hakika. Hasara yake ni kwamba kila programu ilikata kivyake.

Kwangu, Unix ilifanya vyema kupeleka orodha. Kosa lilikuwa kukata mara ya pili. Ukihifadhi jina lenye nafasi ndani, kisha uliite kama $jina bila alama za kunukuu, sheli ya Bourne hulikata tena vipande. Novemba 2001, skripti ya kusakinisha iTunes 2.0 kwenye Mac ilikosa alama hizo katika rm -rf. Baadhi ya watu wenye diski zilizo na nafasi katika jina walipoteza data, na Apple ikalazimika kutoa 2.0.1 haraka.

Na dawa ilikuwepo! Sheli ya rc ya Tom Duff, pia wa Bell Labs, haikati tena. Hata zsh ya 1990, kwa kawaida yake, haikati.

Msimamo wangu ni huu: sheli ikate mara moja tu, pale nilipochapa kwa vidole vyangu. Kama unatumia bash, andika "$jina" daima, na badala ya rm * andika rm ./* ili kila jina lianze na ./ wala si kistari. Herufi mbili tu, lakini zingeniokolea wiki nzima ya kazi.