Wakwezi wa Minazi na Elimu ya Kukwea

Msomaji, ukipata safari ya kutoka Mazeras kwenda Kaloleni, litazame vyema shina la mnazi mmoja ulio karibu na njia. Utaona pengo dogo lililokatwa kwa panga, na juu yake pengo jingine, na jingine tena, mpaka kwenye makuti. Hizo ndizo ngazi za mkwezi. Kila pengo lina nafasi ya vidole vya mguu na mbele ya wayo, basi. Unguja wakwezi wengi hawakati shina, bali hujifunga kitanzi cha kamba miguuni na kulikumbatia shina kwa mikono. Njia hizi mbili ni mbalimbali, lakini katika zote mbili mtu akiteleza hana cha kumzuia.

Mnazi mrefu uliokomaa hufikia mita 20, na mwingine hupita hapo. Wewe uliyesoma fizikia waweza kupiga hesabu mwenyewe: kitu kiangukacho kutoka kimo hicho hufika chini kwa muda wa sekunde 2 tu, nacho kikifika huwa na mwendo wa kilomita 70 kwa saa, kama gari liendalo kasi barabarani.

Tena yafaa kumtenga mkwezi wa nazi na mgema wa tembo. Mkwezi wa nazi huupanda mnazi mmoja kila baada ya miezi miwili au mitatu, akaangua zilizokomaa, akashuka. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kwa maana panda la mnazi lazima lichongwe kwa kotama kila mara ili tembo liendelee kudondoka ndani ya kibuyu. Tuseme ana minazi kumi tu. Basi atapanda mara 20 kwa siku, na katika mwaka wa siku 365 atakuwa amepanda mara 7,300. Mara 7,299 za salama hazimfai kitu ikiwa mara moja iliyobaki atakosea. Methali yetu yamtaja mgema anayesifiwa akalitia tembo maji; hila yake tumeikumbuka, hatari yake tukaisahau.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wazee wetu hawakuwa na mafunzo. Mtoto hakutumwa kwenye mnazi mrefu siku ya kwanza; alianza na mifupi, chini ya macho ya baba au mjomba, akaongezewa kimo kadiri alivyozoea. Alifundishwa kwamba shina lililolowa mvua halipandwi, na pengo la zamani hujaribiwa kwanza kwa mguu kabla ya kutiwa uzito wote, kwani huoza likiwa lakaa maji. Akifika kileleni ashike kuti bichi, kamwe asishike lililokauka, maana kuti kavu hung'oka lenyewe. Alionyeshwa pia kuchungulia nyigu, na wale chungu wekundu waitwao majimoto, ambao ni rafiki wa mnazi kwa kuwa huwafukuza wadudu wanaoharibu nazi changa, lakini ni adui wa mkwezi: wakimuuma machoni huenda akaachia mikono bila kukusudia.

Elimu hii ilikuwa kubwa, nami sioni haya kuiita chuo. Ila ilikuwa na upungufu mmoja. Yote ilihusu jinsi ya kutoanguka. Haikuwa na kamba ya kumdaka aliyeteleza, wala fungu la kumlisha aliyevunjika mgongo.

Tungetazamia sheria iuzibe upungufu huo, lakini sheria za usalama zilizaliwa kiwandani. Uingereza ilipata wakaguzi wake wa kwanza wa viwanda kwa sheria ya mwaka 1833, nao walikuwa wanne kwa nchi nzima. Sheria kubwa ya usalama wa wafanyakazi wa mashambani haikutungwa huko mpaka mwaka 1956, yaani miaka 123 baadaye. Kenya ilirithi mwelekeo huo huo. Sheria yetu ya viwanda ya mwaka 1950 iliigwa katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1937. Ilisema habari za mitambo, moto na mvuke, na mnazi haukuwamo. Mwaka 2007 ndipo Bunge lilipopitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo yagusa kila mahali mtu afanyapo kazi, hata shambani. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya fidia kwa walioumia kazini, lakini hiyo yamhusu mtu aliyeajiriwa. Mgema anayegawana tembo na mwenye mnazi ameajiriwa na nani?

Sababu moja ya kimya hiki ni kwamba waliokuwa wakianguka hawakuhesabiwa. Mfanyakazi akikatwa mkono na mashine, msimamizi huandika. Mtu akianguka shambani mwa jirani, hubebwa nyumbani au hospitali, na habari huishia hapo. Mwaka 1984 madaktari wa hospitali ya Alotau, katika Papua New Guinea, walichapisha hesabu yao. Walitazama majeruhi 355 waliolazwa kwa mfululizo, wakaona kwamba 27 katika kila 100 waliumia kwa kuanguka kutoka mitini au kwa jambo jingine lihusulo miti. Zaidi ya robo ya majeruhi wote! Nchi ile ina minazi kama pwani yetu, na watu wake hukwea kama wetu.

Sasa nakuomba tuvuke bahari mpaka Kerala, kusini mwa Bara Hindi, ambako mnazi ni mti wa kila ua. Huko kazi ya kukwea ilikuwa ya jamaa maalumu, ikirithiwa na mwana kutoka kwa baba. Kisha wana wakaenda shule, na wengine wakaenda kutafuta kazi katika nchi za Ghuba, wala hawakutaka kurudi mtini. Nazi zikakawia juu mpaka zikaanguka zenyewe. Hapo ndipo mwaka 2011 Bodi ya Maendeleo ya Minazi ya India ilipoanzisha mafunzo ya siku sita kwa vijana, ikawapa kifaa cha kukwelea na bima ya ajali. Kifaa chenyewe si kigeni kwa akili: ni fremu mbili za chuma, moja kwa kila mguu, kila moja ikizungushiwa shina waya madhubuti. Ukikanyaga, waya hukaza shinani. Ukiinua mguu, hulegea na kupanda nawe. Wanawake nao walijifunza, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwa la kawaida.

Angalia vizuri mpango ule ulikuja wakati gani. Wakwezi wa Kerala waliteleza na kuanguka vizazi hata vizazi, na hapakuwa na cheti wala bima. Siku mwenye shamba alipokosa mtu wa kumwangulia nazi zake, ndipo usalama wa mkwezi ulipopata mwalimu na fedha. Siwalaumu waliouanzisha, walifanya jema, na yapasa tuige. Lakini mwanahistoria hana budi kusema ni kipi kilichousukuma, na kwa maoni yangu mimi ni upungufu wa mikono kuliko wingi wa makaburi.

Huku kwetu pia vijana wengi wamekwenda shule, na wakwezi wengi wa leo ni watu wa makamo. Minazi haiwangoji. Mnazi uliopandwa mwaka 1963, ikiwa haukupigwa na radi wala kuliwa na chonga, huenda bado wazaa, na kila mwaka makole yake huwa juu zaidi kuliko mwaka uliotangulia.