Mtu Kumla Mtu, Mtu Hana cha Kula: Kenya na Tanzania za Miaka ya Sabini

Mwaka 1966, Tanzania na Kenya zilipoachana na shilingi ya pamoja ya Afrika Mashariki na kila moja kuanza kutoa yake, sarafu hizo mbili zilikuwa na thamani ileile: shilingi 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Mtu wa Moshi aliyevuka kwenda Taveta kununua sufuria hakuwa na haja ya kupiga hesabu.

Miaka kumi baadaye majirani hao walikuwa wakirushiana vijembe. Dar es Salaam iliisema Kenya kuwa nchi ya mtu kumla mtu, na mabepari wa ng'ambo ya Namanga wakabatizwa jina la manyang'au. Nairobi nayo ikajibu kwamba Tanzania ni nchi ya mtu asiye na cha kula. Yalikuwa matusi ya kisiasa, lakini ndani yake mlikuwa na swali la maana: mwananchi wa kawaida anaishi vizuri zaidi upande upi?

Kwa mpita njia, jibu lilikuwa madukani. Kenya ilikuwa imeupa mtaji binafsi nafasi kubwa tangu Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa na fedha zikamiminika hadi kwa wakulima wa Mkoa wa Kati. Nairobi ilikuwa na televisheni tangu 1962. Tanzania Bara ilingoja hadi 1994.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiporomoka, Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mafuta ya kupikia ya Kimbo, dawa ya meno na sabuni vikapita njia za panya. Bei ya mafuta na Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilipomaliza akiba ya fedha za kigeni, hali ikawa mbaya kweli: foleni za sukari, unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita yanga, katambuga miguuni kwa kukosa viatu. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowafungia kazi wahujumu uchumi mwaka 1983, wenye bidhaa za kuficha walizitupa porini usiku, nchi ikiwa haina hata sabuni ya kufulia. Anayeisifu miaka hiyo bila kigugumizi pengine hakuwahi kupanga foleni.

Ila mpita njia huyo hakuingia darasani.

Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kila mtoto wa Tanzania aende shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, kwa hiyo waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. "Mwalimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, ni kejeli hadi leo, ingawa wengi wanaoikejeli walijifunza kusoma kwake. Wazazi nao walikaa kwenye madawati ya wanao jioni. Wakati wa Azimio la Arusha la ujamaa, mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1986, kwa hesabu ya serikali, walikuwa wamebaki kama 10 katika kila 100. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza, na vijiji vikachimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Mwaka huohuo Rais Nyerere aliagiza kuhamia vijijini kuwe lazima, na kuna waliohamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikichomwa nyuma yao. Zahanati na amri vilikuja pamoja.

Kenya nayo haikuwakosa wa kuisema kutoka ndani. J. M. Kariuki, mbunge na tajiri mwenyewe, alionya kwamba nchi inazaa mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Machi 1975 mwili wake ulikutwa msitu wa Ngong.

Leo shilingi moja ya Kenya hununua karibu 20 za Tanzania, na wapo wanaodhani hapo ubishi umekwisha. Makadirio ya karibuni ya Umoja wa Mataifa yanampa Mtanzania maisha marefu kidogo kuliko Mkenya. Ada za shule ya msingi, ambazo Tanzania ilizirudisha katika dhiki ya miaka ya themanini, zilifutwa tena mwaka 2001. Kenya ikafuta zake Januari 2003. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge, aliyepigana Mau Mau, alivaa kaptula na kuingia darasa la kwanza Eldoret akiwa na miaka 84. Dunia ilimshangilia, na alistahili. Upande wa pili wa mpaka, wazee wa rika lake walikuwa wamefunguliwa madarasa miaka thelathini kabla.