Kyela Walikaa Fiti Bila Jimu: Siri Ilikuwa Kusubiriwa na Wenzako

Stori ya mjini inajulikana. Januari mtu ananunua raba mpya, analipia jimu mwezi mzima, picha ya kwanza inaenda Instagram. Wiki ya tatu mvua, wiki ya nne kazi zimembana. Kufika Machi raba ziko chini ya kitanda, kitambi kimerudi na cha juu. Akiulizwa vipi, jibu ni moja: mzuka umekata.

Sasa safari iende Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Vijana wa zamani wa huko hawakusubiri mzuka. Wao ndio waliosubiriwa.

Kati ya 1934 na 1938, watafiti wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu, Good Company, kuhusu jambo moja la ajabu: vijiji vya rika.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa kiume wa miaka 6 hivi alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake pamoja na watoto wenzake. Akifika miaka 10 au 11 aliwaachia wadogo zake ng'ombe, akashika jembe, na usiku akaenda kulala kwenye kijiji chao wenyewe: vibanda walivyojijengea wavulana wa rika lake, pembeni ya kijiji cha baba zao. Kula walikula kwa mama zao, tena kwa kundi. Leo kwa mama huyu, kesho kwa yule.

Kwa Wanyakyusa, kulima kwa jembe kulikuwa kazi ya wanaume na wavulana. Hebu piga picha: kumekucha, wenzako wameshabeba majembe, wewe bado umejifunika. Utajificha wapi, na jioni mnakula sahani moja? Ukiugua ukakaa ndani siku kadhaa, ukipona unawakuta walewale, njia ileile. Kurudi hakukuhitaji kiapo cha mwaka mpya.

Raha ya kukaa na wenzako hivyo waliiita ukwangala. Hata msibani, vijana walicheza ngoma na mikuki mikononi mpaka jasho likawatiririka. Mwili ulifanya kazi, ila akili ilikuwa kwa wenzake.

Akina mama nao wana yao. Ikombe, karibu na Matema, wanawake wa Kikisi wanajulikana kwa ufinyanzi. Udongo unakandwa kwa mikono, vyungu vinapakiwa kwenye mitumbwi na kupelekwa mnadani Lyulilo. Siku ya mnada ni Jumamosi. Haihami kwa sababu mtu fulani kaamka mchovu.

Tusidanganyane, maisha yale hayakuwa mteremko. Watu walilima kwa sababu njaa haina masihara. Lakini mpango ule ulikuwa na kitu ambacho raba mpya haina: watu na siku maalumu.

Halafu vikaanza kuvunjika. Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, iliwavuta vijana miaka ya 1930. Wengine wakaenda mbali zaidi, migodini kusini mwa Afrika. Ardhi ikawa finyu, mazao ya biashara yakaingia, na kila mtu akaanza kuangalia shamba lake. Rika likatawanyika. Leo mjukuu wao yuko Mbeya au Dar, anakaa kwenye kiti kutwa nzima na bodaboda inamshusha mlangoni. Anajiita mvivu. Ukweli ni kwamba amepoteza wenzake wa kumgongea mlango.

Na gharama yake si kitambi tu. Kukaa bila kuushughulisha mwili kunaongeza hatari ya presha, kisukari na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gawa kwa siku 5: nusu saa tu ya kutembea harakaharaka. Aliyekaa muda mrefu aanze na kidogo, na mwenye presha au sukari amwone daktari kwanza.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Siku hiyo ipo. Vikundi vya jogging navyo vimejaa Dar, vinapita barabarani alfajiri vikiimba. Anayetaka kurudi kwenye tizi asianze na raba. Aanze na watu wawili wa mtaani kwake, wapange siku, wapange kona ya kukutana.

Kisha saa 11:30 alfajiri simu iite: "Tuko nje. Shuka."