Keki ya mtoto: moto juu, moto chini

Nyumbani kwangu wiki hii kumekuwa na ubishi. Mjukuu wangu anatimiza mwaka mmoja, na binti yangu alikuwa ameshapiga simu kuagiza keki kwa fundi wa mjini, keki ya ghorofa mbili yenye picha ya katuni ubavuni. Nilipoisikia bei niliomba nitajiwe tena, nikidhani masikio yangu yamechoka. Kaka yake akadakia kwamba tatizo si bei, tatizo ni keki yenyewe. Mambo ya siku ya kuzaliwa ni ya Wazungu, na babu zetu hawakupuliza mishumaa. Nikawaambia kwamba wote wawili wamekosea, na kwa kuwa walinitazama kama mahakimu wanaosubiri ushahidi, nautoa hapa leo.

Nianze na huyu wa Wazungu. Ni kweli, keki yenye mishumaa imetoka Ulaya, hasa Ujerumani. Mwaka 1746, katika kasri la Marienborn, watu walisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwinyi mmoja, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian. Mtu aliyekuwapo, Andreas Frey, aliandika alichokiona: keki kubwa kiasi cha kujaza tanuri, imetobolewa matundu kwa hesabu ya miaka ya mwenye sherehe, kila tundu na mshumaa wake, na mshumaa mmoja zaidi katikati. Hao ndio Wamoravian ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Sisemi kwamba wao ndio waliotuletea keki. Nawataja tu ili ndugu zangu wa Tukuyu wasije wakanilaumu.

Wajerumani waliendelea na desturi hiyo kwa watoto wao: mishumaa ya miaka iliyopita, na huo mmoja wa ziada, ambao waliuita mwanga wa uhai. Kwa nini mtoto awekewe mwanga wa uhai? Mtazameni huyo huyo Zinzendorf. Yeye na mkewe Erdmuthe walijaliwa watoto kumi na wawili. Waliofikia utu uzima ni wanne. Huyo alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, mwenye mashamba na watumishi. Katika Ulaya ya siku zile kuzaa hakukuwa kulea, na mwaka wa mtoto ulipotimia wazazi walikuwa na sababu ya kuwasha kitu.

Lakini keki ilikuwa ya wenye nacho, kwa sababu ya sukari. Sukari ya Ulaya ilitoka visiwa vya Karibi, ikilimwa na watumwa waliochukuliwa Afrika. Mwaka 1747 mkemia wa Berlin, Andreas Marggraf, aligundua kwamba sukari ya namna ile ile imo ndani ya bitiruti, na mwaka 1801 mwanafunzi wake, Franz Achard, akaanzisha kiwanda cha kuikamua. Pole pole bei ikashuka. Hata kwetu sukari ina historia yenye madoa: bonde la mto Pangani katika karne ya 19 lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, tunayemkumbuka kwa kupigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Hilo hatulisemi sana tunapomsifu.

Kitu cha pili ni ile pauda ya kuumulia, ambayo akina mama wanaiita beking pauda. Aliyeitengeneza mwaka 1843 ni Alfred Bird, muuza dawa wa Birmingham, Uingereza, ambaye mkewe alidhurika kila alipokula kitu chenye hamira. Kabla ya hapo aliyetaka keki laini alitia hamira na kusubiri, au alipiga mayai mpaka mkono ukafa ganzi. Nadhani huyo mama, kwa kuumwa kwake tumbo, amewasaidia wapishi kuliko wafalme wengi.

Sasa nimgeukie binti yangu, anayeamini kwamba keki ya nyumbani ni ya aibu kwa kuwa haina tanuri la umeme nyuma yake. Wakati wa ukoloni keki ziliokwa majumbani mwa maofisa na wamisionari, na waliozioka mara nyingi walikuwa wapishi wetu wenyewe. Wasichana walifundishwa sayansi kimu shuleni, na miaka ya 1950 vilabu vya akina mama vilifundisha kushona na kuoka. Waliporudi kwao, tanuri liko wapi? Hapo ndipo pwani ilipoingia. Tangu zamani wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa wakioka mkate wa mayai wenye iliki, na mkate wa kumimina, kwa kupalia makaa: sufuria juu ya jiko, sinia au bati juu ya sufuria, na makaa juu ya bati. Moto juu, moto chini. Ujuzi huo ulikuwapo ukiingoja keki. Basi keki ya mtoto wa Magomeni au Kisauni, ingawa jina lake ni la Kiingereza na mshumaa wake wa Kijerumani, imeivishwa kwa akili ya bibi zetu.

Mimi nimeiona kwa macho yangu. Mwaka 1982 huyu huyu binti yangu alipotimiza mwaka, tukiwa Dar es Salaam, sukari ilikuwa ya foleni. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 na kiwanda cha sukari cha Kagera kiliachwa kimeharibika, fedha za kigeni hazikuwapo, na unga wa ngano uliulizwa kwa kunong'ona. (Mwaka uliofuata ndio ukaja ule msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye gunia la sukari uvunguni hakupata usingizi.) Mama watoto alipita kwa majirani watatu, kila mmoja akampa glasi moja ya sukari. Kopo la siagi lilipatikana. Lilikotoka sitaeleza, ingawa miaka imepita. Sukari ya kupambia aliitwanga kwenye kinu na kuichekecha kwa kanga kuukuu mpaka ikawa kama poda, akaipiga na ute wa mayai na ndimu. Rangi ya waridi ilitoka kwenye bitiruti, ya njano kwenye manjano ya mchuzi, kwa tahadhari, maana ikizidi kidogo keki inanuka pilau. Kwa kuandika jina alikunja karatasi kama pakiti ya muuza karanga, akaikata ncha.

Keki ilipotoka ilikuwa imebonyea katikati. Nilikuwa nimefunua bati kuchungulia, kosa langu, na mpaka leo nakumbushwa. Akalifukia shimo kwa sukari, na kwa kuwa halikufukika vizuri, akasimamisha hapo nusu ya mshumaa wa kawaida, wa kuwashia nyumbani.

Marehemu mama yangu alikuwa amekuja kutoka kijijini. Yeye alizaliwa mwaka wa nzige, tarehe hakuijua. Alizaa tisa, akazika wanne. Alipoelezwa kwamba mshumaa ule ni hesabu ya mwaka wa mtoto alinuna. "Mwanangu," alimwambia mkwewe, "mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu unamtangaza." Hakuna aliyemjibu. Wimbo ulipokwisha na watoto walipotaka kupuliza, alizuia kwa mkono. Akasema kama umeshawashwa basi uachwe uishe wenyewe. Tukauacha. Umeme ulikatika muda mfupi baadaye, na mshumaa ule ndio tuliokulia keki.

Kaka mtu anaposema babu zetu hawakusherehekea siku ya kuzaliwa, namkumbuka bibi yake. Wengi hawakusherehekea kwa kuwa tarehe haikuandikwa popote, na wengine kwa kuwa waliogopa kufurahi mapema. Wala si mambo ya kale sana. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba Tanzania, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Wamepungua mno, kwa chanjo, kwa vyandarua, kwa kliniki. Bado arobaini na watatu ni watoto wa watu. Mjukuu wangu tarehe yake imeandikwa kwenye kadi ya kliniki kwa wino wa bluu, na chanjo zake zote zimewekewa alama.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Unga robo tatu ya nusu kilo... hapana, mama watoto ananisahihisha hapa: unga robo kilo, siagi robo, sukari robo, mayai manne, beking pauda vijiko viwili vya chai, iliki, na maganda ya chungwa yaliyokunwa. Siagi na sukari zipigwe kwanza mpaka ziwe nyeupe. Makaa machache chini, mengi juu, na bati lisifunuliwe kabla ya nusu saa, hasa na babu. Itaokwa katika trei ya mraba, kisha ikatwe umbo la namba moja, ambayo ni namba nyepesi kuliko zote. Mwakani kwenye namba mbili ndipo watakapotoa jasho. Peremende ngumu na karanga nzima zisipandikwe juu, mtoto wa umri ule zinaweza kumkaba. Mshumaa utakuwa mmoja na wa ziada mmoja, na hiyo ya ziada nimeiomba mimi.

Binti ameshapiga simu kufuta oda. Kaka yake, yule asiyetaka mambo ya Wazungu, nimemkabidhi makaa ya juu.