Saka na Mavazi Katika Vilima vya Taita

Saka ilikuwa hali iliyowapata wanawake wa vilima vya Taita, nchini Kenya, hasa walioolewa, na katika tiba yake mavazi yalikuwa na nafasi kubwa. Aliyeshikwa na saka alitikisa kichwa na mabega, macho yakaganda, akakakamaa au akaanguka, na pengine akatamka maneno ambayo waliokuwapo waliyasikia kama lugha ya kigeni. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti katika vilima hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliieleza katika makala ya mwaka 1957. Aliona kwamba mahali pengine hata nusu ya wanawake walioolewa walikuwa wamewahi kushikwa.

Kilichoiamsha kilikuwa mara nyingi kitu kinachotamaniwa au kinachoogopwa: kiberiti kinachowashwa, mlio wa gari, filimbi ya gari moshi, kitu cha dukani. Matibabu yalikuwa ya aina kadhaa, lakini yaliyojulikana zaidi ni ngoma. Mwanamke alijifunga nguo ndefu iliyofika chini, akavaa tarbushi nyekundu au kofia ya kiume, akashika fimbo, akacheza mbele ya watu mpaka akatulia. Katika maisha ya kila siku kofia na fimbo vilikuwa vya wanaume. Kwa saa chache za ngoma vilikuwa vyake.

Ngoma ya namna hiyo isingewezekana karne moja nyuma, kwa kuwa nguo zenyewe hazikuwapo. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Taita mwaka 1847, na tena mwaka 1848 akielekea Uchagani, vazi la kawaida huko lilikuwa ngozi, na urembo ulikuwa wa ushanga na madini. Kitambaa kilifika kwa misafara ya Mombasa iliyopanda vilima kutafuta maji na chakula, kisha ikapumzika Taveta kabla ya kuingia Umasaini. Mizigo ya wapagazi ilikuwa merikani, kaniki, ushanga na nyaya. Merikani ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza biashara hiyo, nguo za Uingereza na India zikapata nafasi. Katika njia ya msafara kitambaa kilikuwa nguo na fedha kwa wakati mmoja. Hongo, yaani ada ya kupita, ililipwa kwacho, na chakula kilinunuliwa kwacho.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo kwa kina. Ilipofika Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, safari ya Mombasa iliyochukua siku kadhaa kwa miguu ikawa ya saa chache. Kodi ya kibanda ilidai fedha taslimu, na fedha zilipatikana kwa mshahara: relini, mjini Mombasa, au katika mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza lilijenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili kuwakabili Wajerumani. Askari waliovaa tarbushi wakawa sura ya kawaida, kadhalika kofia pana za walowezi. Ukiyatazama mavazi ya saka kwa jicho hilo, karibu kila kipande kina asili yake: kimepanda mlima kutoka barabara ya Voi.

Mishahara hiyo ilikuwa ya wanaume. Mke alilima na kulisha nyumba, lakini mifugo na haki ya kurithi ardhi vilikuwa mikononi mwa wanaume, na fedha za nguo zilitoka kwa mume. Leso mpya iliyoletwa kutoka Mombasa ilikuwa ushahidi kwamba mume anajali, tena ushahidi unaoonekana na majirani. Hata hivyo, kuomba mara kwa mara kuliweza kuleta ugomvi. Saka iliondoa ombi mdomoni mwa mke. Aliyedai hakuwa yeye bali ugonjwa wake, na mume aliyegoma kugharimia ngoma alionekana anachezea afya ya mkewe. Pwani palikuwa na desturi ya karibu na hiyo, kwani pepo wa Mombasa na Unguja nao hudai kanzu, kilemba au leso ya rangi fulani kabla ya kumwachia mtu wao.

Wamisionari hawakuipenda ngoma hiyo. Waanglikana walikuwa wamefungua kituo Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki Bura mwaka 1892. Lakini wanavijiji waliuhesabu hata ubatizo miongoni mwa tiba za saka, na Ukristo ulikuja na mavazi yake: gauni, kitambaa cha kichwa, sare ya shule na baadaye sare za vyama vya akina mama.

Wataalamu wamebishana kuhusu maana ya yote haya. Mwanaanthropolojia I. M. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1971, aliiweka saka pamoja na desturi nyingine za pepo ambazo wanyonge huzitumia kudai haki bila kuasi. Hoja hiyo ina nguvu, ila inamfanya mwanamke kuwa mdai tu. Haielezi kwa nini aliyetaka nguo aliridhika kucheza nayo badala ya kuifungia sandukuni. Wengine wametafuta jibu katika nguvu ya vazi lenyewe: mwaka 2012 watafiti Hajo Adam na Adam Galinsky walichapisha majaribio yaliyodai kwamba anayevaa koti jeupe, akiamini ni la daktari, huwa makini zaidi. Waliorudia jaribio mojawapo baadaye hawakupata matokeo yale yale. Wataita hawakungoja maabara. Kwao vazi lilibadilisha hali ya mtu pale alipolivaa mwilini, akacheza nalo, na watu wakamwona.

Siku hizi njia ya kupata nguo ni nyingine. Baada ya Kenya kulegeza masharti ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba ilifurika katika masoko ya Voi na Taveta. Vitenge vinavuka mpaka kutoka Holili, upande wa Tanzania. Mwanamke anayeuza ndizi au nyanya hulipia gauni kwa fedha zake, akichagua rangi mwenyewe kwenye rundo, na nguo hiyo haipitii tena mkononi mwa mume.