Kompyuta na Lugha Yake katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi: Historia Fupi ya Elimu Isiyoandikwa

1. Utangulizi

Historia ya elimu nchini Kenya imeandikwa kwa mapana: shule za misheni, shule za Harambee, tume za elimu na mabadiliko ya mitalaa. Hata hivyo, iko elimu moja ambayo haikuingia katika vitabu hivyo kwa sababu haikupitia mlango wa shule. Hiyo ni elimu ya kompyuta kama ilivyopatikana katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, ambayo wenyeji huiita Eastlands. Maelfu ya vijana wa mitaa hiyo hawakuigusa kompyuta mara ya kwanza darasani. Waliigusa katika chumba cha kukodi kilichokuwa juu ya duka la nyama au kando ya kinyozi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi elimu hiyo ilivyofika mitaani, na hasa kuchunguza lugha iliyotumika kuifundisha. Hoja yetu ni kwamba wakati wataalamu walipokuwa wakiunda istilahi za kompyuta, walimu wasio na vyeo walikuwa tayari wakiifafanua kompyuta kwa Kiswahili. Nao ufafanuzi huo, ambao ni mali ya lugha sawa na istilahi zenyewe, haukuandikwa popote. Usipokusanywa sasa, utapotea pamoja na wenyewe.

2. Mitaa yenyewe

Yafaa kwanza tuitazame mitaa, kwa sababu umbo lake liliingia katika mafunzo yenyewe. Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940. Makongeni na Muthurwa ilikuwa mitaa ya wafanyakazi wa reli. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo ilipewa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Baada ya uhuru ikafuata Buruburu, Umoja, na Dandora, mtaa ambao mradi wake wa viwanja ulianza mwaka 1975 kwa msaada wa Benki ya Dunia.

Katika mitaa hii, mambo mawili yalijulikana na kila mtoto. La kwanza ni namba ya nyumba: mtoto aliyepotea aliulizwa mtaa na namba, akarudishwa kwao. La pili ni bomba la maji lililotumiwa na wengi, ambalo nguvu yake ilipungua kila jirani alipofungua mfereji wake. Tutaona baadaye kwamba mambo haya mawili yaliwafaa walimu kuliko vitabu vingi.

3. Kutoka taipureta hadi kompyuta

Kompyuta ziliingia Nairobi katika miaka ya 1960, zikitumiwa na mashirika makubwa kama vile ya reli na ya umeme. Mtu wa Makongeni aliweza kulipwa mshahara uliopigiwa hesabu na mashine ambayo hangeiona maisha yake yote. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1977, lakini taasisi hiyo ilikuwa ya wachache waliofika chuo kikuu. Katika miaka ya 1980 kompyuta ilihesabiwa kuwa kitu cha anasa, na ushuru wake ulikuwa mzito.

Wakati huohuo mitaa ilikuwa na vyuo vyake vidogo vya kupiga taipu. Wasichana wengi waliomaliza kidato cha nne walipelekwa huko ili wapate kazi ya ukarani au uhazili. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, na mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo zikaanza kuingia, ni vyuo hivyohivyo vilivyogeuka. Taipureta zilisukumwa pembeni na kompyuta mbili tatu zikawekwa mahali pake. Geuzo hilo halikuwa gumu, kwani herufi za kicharazio zimepangwa vilevile katika mashine zote mbili. Aliyekwisha kufunza vidole vyake alikuwa amevuka nusu ya mto.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno "pakeji". Kwa mtu wa Eastlands, kusoma kompyuta kulikuwa ni kusoma pakeji: kwanza namna ya kuiwasha na kuizima mashine, kisha kuandika barua, kutengeneza majedwali ya hesabu, kupanga kumbukumbu, na mwisho kutumia intaneti. Kazi ya mwanafunzi ilihifadhiwa katika disketi ya inchi 3.5 yenye nafasi ya megabaiti 1.44, aliyoibeba mfukoni kama kitambulisho. Ikawa ni desturi kwamba mtoto amalizapo mtihani wa kidato cha nne, naye yungoja matokeo, wazazi humtafutia ada ya pakeji. Mzazi ambaye hakujua kompyuta ni nini alijua kwamba bila ya pakeji mwanawe hatapata kazi.

4. Mtandao wafika mitaani

Huduma kamili za intaneti zilianza nchini mwaka 1995. Mwanzoni zilikuwa za ofisi za katikati ya jiji na za wenye simu za nyumbani. Mitaani intaneti ilifika kwa njia ya saiba, yaani chumba chenye kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa nyaya ili zigawane njia moja ya kutokea nje. Katikati ya miaka ya 2000 bei iliyozoeleka ilikuwa shilingi 1 kwa dakika. Mtu aliandika barua yake nyumbani kwa kalamu, akaja nayo saiba na kuinakili kwa haraka, ili asilipie dakika za kufikiri.

Yapo matatizo ambayo mtumiaji aliyaona bila ya kuzijua sababu zake. Kabla ya mwaka 2000, ujumbe uliotoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ulipitia setilaiti, ukafika ng'ambo, kisha ukarudi. Ilikuwa kana kwamba barua ya kutoka Makadara kwenda Buruburu lazima ipitie Ulaya. Mnamo Novemba 2000 watoa huduma walifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano humuhumu nchini, KIXP. Kilifungwa baada ya muda mfupi kwa amri ya Tume ya Mawasiliano, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, safari ya setilaiti ikaanza kuachwa. Kwa wakati huo simu ya mkononi ilikuwa imekwisha kuwa darasa la pili, hasa baada ya M-Pesa kuanzishwa Machi 2007: hata bibi kizee wa Shauri Moyo alijifunza namba ya siri ni nini, na kwa nini asimtajie mtu.

Tusisahau pia juhudi zisizokuwa za biashara. Tangu karibu na mwaka 2000, shirika la NairoBits limefundisha vijana wa mitaa maskini ya Nairobi kutengeneza tovuti. Hii ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa pakeji zilimfanya kijana awe mtumiaji, na tovuti ikamfanya awe mtengenezaji.

5. Lugha ya darasani

Sasa tuingie katika kiini cha makala haya. Mwandishi ni mmoja wa waliopita katika chumba cha namna hiyo, na aliyoyasikia humo yanafanana na yale aliyoyasikia baadaye kwa wengi wa rika lake. Somo lilikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mwalimu alisoma maelezo kwa Kiingereza nasi tukayaandika neno kwa neno, kwa sababu mtihani ungekuwa wa Kiingereza. Katika sehemu ya pili alifunga daftari, akaketi juu ya meza na kusema, "Haya, sasa tuelewane." Kuelewana kulikuwa kwa Kiswahili, chenye Sheng' ndani yake.

Tuchukue mifano michache. Tofauti ya kumbukumbu ya muda na diski ilielezwa kwa meza na kabati. Kabati ni kubwa na huhifadhi vitu hata usiku. Meza ni ndogo, lakini hakuna kazi ifanywayo kabatini. Na stima ikipotea, kila kilichokuwa mezani kimefagiliwa. Katika mitaa ambamo stima hupotea bila ya taarifa, hakuna aliyesahau tena kuhifadhi kazi yake.

Anwani za mtandao zilielezwa kwa namba za nyumba. Nyumba namba 14 iko Jericho, iko Maringo, na iko Kaloleni. Barua iliyoandikwa "14" peke yake itapotea. Ndivyo ilivyo kwamba kompyuta yenye anwani 192.168.1.14 inaweza kuwamo katika kila saiba ya mji bila ya kugongana na nyingine, maana anwani hiyo ni ya ndani ya ua. Dunia ya nje huiona anwani ya lango tu, na mlinzi wa lango ndiye akumbukaye ni nyumba gani iliyoagiza nini.

Kasi ya mtandao nayo ilielezwa kwa bomba la maji. Wote wakifungua mifereji kwa pamoja, kila mmoja hupata kidogo. Lakini mwalimu hakuishia hapo. Aliongeza kwamba bomba laweza kuwa pana na maji yakachelewa vilevile, ikiwa tangi liko mbali. Hapa alikuwa ametenga dhana mbili ambazo watumiaji wengi huzichanganya hadi leo: wingi wa data ipitayo kwa mara moja, na muda ambao data huchukua njiani. Setilaiti ya mawasiliano ya wakati ule ilikuwa umbali wa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Hata bomba lingepanuliwa vipi, tangi lilikuwa mbali.

6. Istilahi na wenyewe

Wanafunzi wa Kiswahili shuleni walipewa maneno mengine. Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na humo tulijifunza tarakilishi, ngamizi, kipakatalishi na rununu. Haya ni maneno yaliyoundwa kwa ustadi. Kipakatalishi, kwa mfano, kimeunganisha kitendo cha kupakata na jina tarakilishi, na umbo lake linatamkika bila ya kumtatiza Mswahili. Nchini Tanzania mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Hapo istilahi zilitoka katika orodha zikaingia katika kioo cha mashine, nalo ni jambo la kusifiwa.

Lakini tarakilishi ya insha na kompyuta ya pakeji hazikukutana. Mwanafunzi aliandika la kwanza kwa ajili ya alama na kulitamka la pili kwa ajili ya kazi. Si kwamba mitaa haikuwa na sarufi. Neno virusi, lililoingia kama neno la kigeni, lilisikika kuwa na kiambishi vi-, na wasemaji wakalipatia umoja wake: kirusi. Kusevu, kuprinti na kujamu yaliingia katika mnyambuliko wa vitenzi kama wenyeji: "imejamu", "hukusevu", "niprintie". Lugha ilikuwa ikifanya kazi yake bila ya kungoja kamati.

Huenda msomaji akasema kwamba haya yote ni bure, kwa kuwa lugha za kuandikia programu zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza. Ni kweli, lakini maneno hayo ni machache. Kilicho kigumu ni mantiki iliyo nyuma yake. Tutazame kiambishi -ki-. Tunaposema "mlango ukifunguka, ingia", twaweza kumaanisha sharti, na twaweza kumaanisha wakati. Mashine haikubali utata huo: amri ya sharti hupima mara moja, amri ya marudio hupima tena na tena. Mwalimu afundishaye kwa Kiswahili hana budi kutenga "ikiwa" na "maadamu": ikiwa kuna maji, jaza ndoo, maadamu kuna maji, endelea kujaza ndoo. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo ameelewa kompyuta, na amejifunza jambo kuhusu lugha yake pia.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba elimu ya kompyuta katika Eastlands ilisomwa kwa lugha mbili: moja ya kuandika na kutahiniwa, nyingine ya kuelewa. Hasara iliyotokana na hali hiyo si ndogo. Wako walioelewa barabara katika sehemu ya pili ya somo, wakaanguka katika mtihani wa sehemu ya kwanza, na wakaondoka wakiamini kwamba kompyuta imewashinda. Kilichowashinda ni Kiingereza.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa umilisi wa msingi. Mambo haya mawili yamewekwa katika vyumba viwili tofauti, na mlango baina yake haujafunguliwa. Idara zetu zaweza kuufungua kwa kazi ambayo haihitaji fedha nyingi: kuwaendea walimu wale wa pakeji, ambao wengi wao wangali hai na sasa wana kazi nyingine, tukiwa na kinasa sauti, tukawauliza jinsi walivyofundisha. Tumezoea kwenda mwambao kutafuta wazee wa tenzi, na tumefanya vyema. Lakini katika nyumba fulani ya Jericho kuna mtu aliyeieleza dunia ya mtandao kwa namba za nyumba na bomba la maji, na hakuna msomi aliyewahi kubisha mlango wake.