Asili na Maana ya Jina la Fiskali

Katika habari za Kanisa la nchi zilizotawaliwa na Wahispania, twakuta mara nyingi jina la fiskali. Huyu si padre wala mtawa. Ni Mkristo wa kijiji aliyewekwa kuwa naibu wa padre.

Asili ya neno ni Kilatini, fiscus, maana yake kikapu cha kutilia fedha. Zamani za Makaisari wa Roma likawa jina la hazina ya Kaisari. Baadaye, kwa Wahispania, fiskali alikuwa mwanasheria wa mfalme, mwenye kulinda mali yake na kuwashtaki wakosaji.

Wahispania walipokwisha kuishinda Mexico, mwaka wa 1521, mapadre walikuwa wachache na vijiji vingi. Basi wakachagua watu katika wenyeji, wakawapa jina hilo. Fiskali aliwakusanya watu kwa mafundisho, akawafundisha watoto sala, akaangalia wagonjwa. Lakini jina halikuiacha maana yake ya kwanza: aliagizwa pia kuwashtaki waliofuata ibada za mababu.

Uzito wa kazi hiyo ulionekana San Francisco Cajonos, katika Oaxaca. Usiku wa tarehe 14 Septemba 1700, mafiskali wawili Wazapoteki, Juan Bautista na Jacinto de los Ángeles, waliwaarifu mapadre Wadominiko habari ya ibada ya siri. Watu wakaghadhibika, wakaizunguka nyumba ya mapadre, wakawadai wale wawili. Wakatolewa kwa ahadi kwamba hawatauawa. Nao wakauawa tarehe 16. Kisha serikali ya Wahispania ikawaua wanakijiji 15. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza mafiskali hao kuwa wenyeheri tarehe 1 Agosti 2002.

Tena tutazame visiwa vya Chiloé, kusini mwa Chile. Huko Wayesuiti walifika mwaka wa 1608, wakazunguka kwa mashua kijiji kwa kijiji, na katikati ya safari zao mafiskali waliongoza sala. Wayesuiti walipofukuzwa, mwaka wa 1767, mafiskali walibaki, na hata leo wako.

Basi twaona jina moja lilibeba mizigo miwili, kushtaki na kufundisha. Mzigo wa kwanza uliwagawanya ndugu wa kijiji kimoja, ukamwaga damu pande zote mbili; wa pili ulihifadhi imani pasipo padre. Enyi walimu, ninyi mliokabidhiwa watu, pimeni wenyewe ni upi wa kuchukuliwa.